Nairobi mpaka Mombasa na baiskeli ya tairi moja, kuchangisha nauli ya watoto wa plasta. Nisaidieni mawazo

tairimoja_huruma

Habarini za jioni wapendwa. Niko na jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana nikaona nililete hapa ju najua humu kuna watu wa kila aina. Mimi ni kijana wa Huruma, sarakasi nimeanza nikiwa darasa la sita, na baiskeli ya tairi moja naendesha mwaka wa saba sasa, nimeendesha kwa harusi, kwa mashule, hata pale Sarakasi Dome Ngara nimepanda jukwaani mara kadhaa. Sasa nataka kutoka Nairobi mpaka Mombasa na hio tairi moja, mwezi wa nane, nichangishe pesa.

Sababu ni hii. Dada yangu ameolewa Kibwezi, na mtoto wake wa pili alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, ile wanaita klabufuti. Ikianzwa mapema inatibika. Mtoto anafungwa plasta, kila wiki inatolewa, mguu unanyooshwa kidogo, anafungwa ingine, mara sita hivi, alafu anavalishwa viatu vimeunganishwa na chuma. Plasta hakulipishwa. Kilichomshinda ni nauli. Kliniki aliyotumwa iko Nairobi, mia saba kuja mia saba kurudi, kila wiki, na bwanake anaishi kwa kibarua. Wiki ya tatu akakosa, ya nne akakosa, kurudi akaambiwa miguu imeanza kujipinda tena waanze plasta ya kwanza. Mimi nilikuja kujua baadaye kabisa, hakutaka kunisumbua. Mtoto sai anatembea, namshukuru Mungu, lakini dada ananiambia kwa ile foleni kina mama wanapotea hivyo hivyo, wiki mbili unamuona, ya tatu hayuko.

Nataka nianze na watoto 20, nauli ya plasta sita kila mmoja.

Wazo halikutoka hewani. Kuna kijana wa Uingereza, Ed Pratt, alitoka kwao Somerset 2015 akiwa na miaka 19, akazunguka dunia na tairi moja, akarudi 2018 akiwa amechangisha zaidi ya pauni 300,000 za kununulia watoto mabegi ya vifaa vya shule. Na hapa kwetu nakumbuka 2012 Zachary Kimotho alivyotoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, kutafuta pesa za kujenga hospitali ya waliovunjika uti wa mgongo. Nilikuwa mdogo lakini ile picha yake barabarani sijaisahau.

Yangu ni inchi 24, itafika kweli? Nipange siku ngapi? Na pesa za watu niziweke wapi ndio mtu atume bila wasiwasi? Wanaojua naomba mniambie ukweli hata kama ni mchungu.

kilomita_tu

Kaka hongera kwa huo moyo. Hio barabara nimeiendesha mara tatu na baiskeli ya kawaida kwa hivyo nikuambie venye iko. Ni kama kilomita 480. Kwanza expressway sahau, baiskeli haziruhusiwi kule juu, utapita chini na matatu na malori mpaka Mlolongo, na mimi ningekushauri uanze Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla mji haujaamka. Kutoka Kyumvi mpaka Sultan Hamud ndipo pananiogopesha zaidi, Salama hapo malori yanapishana kwa mteremko na ukingo wa lami umekatika kama ngazi, ukishuka pale na tairi moja hurudi juu. Trela ikikupita inakuvuta kwanza alafu inakusukuma, na wewe huna usukani wa kushika. Lazima gari la kukufuata nyuma, taa zikiwaka, na mtu ndani anayekupigia filimbi trela ikija.

Kuhusu mwezi wa nane watu watakuambia upepo ni mbaya, na ni kweli kusi itakupiga uso kutoka huko baharini. Lakini fikiria kaskazi ya Januari, hio inakuja kutoka kushoto, na kushoto ndiko uko, inakusukuma katikati ya barabara penye malori yako. Mimi afadhali uso. Utaenda polepole lakini utaenda mstari mmoja, na jua la Agosti si kali vile.

Makindu pumzika kwa Gurudwara, lile hekalu la Wasikhi, wanapokea msafiri yeyote, chakula na pa kulala, utoe chochote ulicho nacho ama usitoe. Nililala hapo mara mbili na sitasahau ile chapati na dengu baada ya siku nzima ya vumbi. Sasa Mtito Andei mpaka Voi ni karibu kilomita 95 na pande zote ni Tsavo. Ndovu wanavuka, simba wako, nyati wako. Asubuhi mapema upepo umetulia na ungetamani kutoka saa kumi na moja, usitoke. Ngoja jua lipande kabisa, na ikifika saa kumi na moja jioni popote ulipo weka alama, ingia gari, lala Voi, kesho unarudi palepale kwa alama. Hakuna atakayesema umedanganya, piga picha ya alama.

Baada ya Voi nyika ya Taru ni joto na vituo ni vichache mpaka Mackinnon Road, maji lita tano kwa gari kila wakati. Kuanzia Mariakani msongamano unarudi. Siku nane ni sawa, tisa ni bora.

kocha_wa_zamani

Mdogo wangu, mimi nimefundisha vijana tairi moja kwa miaka mingi hapa mjini, na nakuomba uniskize kwa hili. Kitu ambacho mwenye baiskeli ya kawaida hawezi kukuambia ni kwamba huu mteremko wa Nairobi kwenda baharini si zawadi kwako. Unaanzia juu zaidi ya mita 1,600 na kila mtu atakuambia ni kuteleza tu. Tairi moja haitelezi. Pedali zimefungwa kwa gurudumu, likizunguka miguu inazunguka, kwa hivyo mteremkoni unafanya kazi ya kuzuia, na ile kazi inaenda kwa magoti. Nimeona vijana wazuri wakishindwa na mteremko wakati mlima waliupanda. Weka breki ya mkono, lever yake chini ya siti, na ujifunze kuitumia kidogo kidogo miezi miwili kabla, ju ukiishika kwa ghafla unarushwa mbele.

Inchi 24 itafika, lakini itakumaliza. Hesabu hivi, gurudumu la 24 likizunguka mara moja unasonga mita 1.9 tu. Ukipiga mizunguko 100 kwa dakika bila kupumzika, ambayo ni kasi, hio ni kilomita 11 na nusu kwa saa. Hao wa safari ndefu kama huyo Pratt wanatumia inchi 36, mzunguko mmoja mita 2.87, nguvu zile zile unafika kilomita 17. Shida ni kwamba 36 utaagiza nje, na siku tairi lake litapasuka Kibwezi hutapata lingine mpaka ulirudie ng'ambo.

Mimi nakuambia tumia rimu ya 28, ile ya baiskeli ya Black Mamba. Tyubu yake iko kila duka kutoka hapa mpaka Mombasa, fundi wa chini ya mti anaijua kwa giza. Mzunguko mmoja ni kama mita 2.23, sio 36 lakini ni tofauti kubwa na yako. Chukua habu yako ya sasa, kile kitovu cha gurudumu, na kranki zako, vile vyuma vinavyoshika pedali, fundi asuke spoki upya, ila hesabu matundu ya habu na ya rimu kabla ya kutoa pesa, yasipolingana umenunua chuma bure. Na ile fremu yako ya juu haitatosha, itabidi achomelee uma mrefu, asimamie mtu anayejua kupima katikati maana ikiegemea upande hata milimita chache utaendesha ukijipinda siku nane.

Alafu siti. Kwa baiskeli ya kawaida uzito unagawanywa na mikono na miguu, kwako wote uko pale. Shuka kila dakika arobaini hata kama hujachoka, tembea, ruhusu damu ipite. Ukianza kuskia ganzi umechelewa. Na vaa vilinda viganja, ukianguka mikono ndio inatangulia.

hazina_ya_chama

Ndugu yangu nimekuwa mweka hazina wa chama chetu mwaka wa kumi na moja huu na nikuambie pesa ndio panga kwanza, kabla ya rimu. Usitumie namba yako ya simu. Hata ukiwa mwaminifu kama malaika siku moja mtu atauliza. Fungueni Paybill, ile namba ya kupokea malipo ya M-Pesa, kwa jina la kikundi, wenye sahihi wawe watatu na mmoja asiwe wa familia yenu, na kila jioni mwenye kushika simu aweke hapa jumla ya siku. Kuchangisha umma pia kuna sheria yake, tangu zamani inahitaji kibali, kwa hivyo piteni kwa ofisi ya kamishna mapema mjue karatasi gani zinatakiwa, msije kusimamishwa njiani. Gharama za safari, mafuta ya gari, chakula, kulala, zisitoke hata shilingi kwa mchango. Tafuteni hizo kando, na mseme hivyo wazi.

Sasa nimepiga hesabu zako nikashtuka kidogo. Nauli 1,400 mara plasta sita ni 8,400. Watoto 20 ni 168,000. Alafu nikachukua hio 28 ya kocha, kilomita 480 ukigawanya kwa mita 2.23 unapata mizunguko kama 215,000. Waombe watu shilingi moja kwa mzunguko mmoja! Mwenye mia amekusukuma mita 223. Mwenye 8,400 amebeba mtoto mmoja mpaka plasta ya mwisho na amekusogeza karibu kilomita 19. Hata mtoto wa shule mwenye shilingi ishirini anajua amenunua nini.

mama_wa_githurai

Nimesoma nikalia. Wangu ana miaka minne na nusu, alianza plasta akiwa na siku kumi na mbili, na bado analala na vile viatu vya chuma. Nawaomba mniskize kwa jambo moja maana naona mnahesabu plasta sita peke yake. Plasta ikiisha kazi haijaisha. Miezi mitatu ya kwanza viatu ni masaa 23 kwa siku, unavua kumuosha tu, alafu vinakuwa vya usiku mpaka afike miaka minne au mitano. Na hapo ndipo kina mama wengi wanaacha, ju mguu ushanyooka, unaonekana mzuri, mtoto analia usiku na vile viatu, jirani anakuambia unamtesa. Ukiacha unarudi ndani. Tena viatu anavikua, lazima urudi upewe vikubwa, na hio ni nauli tena. Kwa hivyo tafadhali wekeni akiba ya hizo safari za baadaye.

La pili kijana wangu, usipige picha za miguu ya watoto kuwaonyesha watu. Mimi nilipigwa picha kliniki nikiwa nimechoka sina nguvu ya kukataa na mpaka leo inanichoma. Piga picha ya gurudumu lako. Mama anayetaka kusimama na kuongea mwenyewe atasimama, na mimi nitasimama Mlolongo siku hio na mwanangu akiwa kwa miguu yake.

tairimoja_huruma

Asanteni sana, sijui hata nianzie wapi. Kocha nimekuelewa, nilikuwa nimejiandaa kwa milima na sikuwa nimewaza mteremko. Leo jioni nimeshuka ule mteremko wa Mathare mara tano polepole bila breki na magoti yameniambia yote uliyosema. Ijumaa naenda kwa fundi Gikomba na habu mkononi, nimehesabu matundu ni 36.

Mama wa Githurai nakuheshimu, hakutakuwa na picha ya mguu wa mtoto yeyote, nimeshamwambia hata dada. Na hesabu ya hazina imenipa jibu la lile uliloleta: mizunguko 215,000 kwa shilingi moja, toa 168,000 za plasta, inabaki 47,000, hio yote iwe nauli ya kufuata viatu na haitaguswa kwa kitu kingine. Wenye sahihi nimepata wawili, kocha kama utakubali naomba uwe wa tatu. Kaka wa kilomita, gari la kufuata bado sina, nitakutafuta inboksi tuongee hio ya Tsavo.