Huyu mtu anipishe kabisa! Eti sauti yangu "haina ghuna"

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Modi, usiuhamishie uzi huu jukwaa la lugha, uache hapahapa.

Kila kamati ya harusi ina yule mtu. Mnamjua. Anasahihisha mpaka kadi za michango, na mchango wake mwenyewe ni ahadi tangu enzi za mkoloni. Leo kikaoni nimesimama kujaribu maiki, maana mimi ndiye mshereheshaji. Nimefika "wageni waalikwa" tu, kanyoosha mkono: "Samahani mwenyekiti, sauti ya huyu bwana haina ghuna."

HAINA GHUNA. Mama mkwe wangu yuko safu ya mbele!

Ukumbi mzima kimya. Shangazi wa bibi harusi akauliza kwa upole kama ni ugonjwa, na kama unaambukiza. Nafungua mdomo, hakitoki kitu. Hata kama ghuna nilikuwa nayo, hapo ilishakimbia.

Nimerudi nyumbani nikafungua kamusi. Kumbe ghuna ni kule kutetemeka kwa nyuzi sauti ukitamka b, d, g, v, z. Zisizotetemesha, p, t, k, f, s, ndizo sighuna. Na irabu zetu zote ni ghuna! Sasa rudini kwenye "wageni waalikwa" mhesabu: isiyo na ghuna humo ni k peke yake. Herufi moja, wakuu! Kwa k moja nimedhalilishwa mbele ya mama mkwe!

Pilipili_Kichaa: Uzi bila rekodi ni batili. Tuwekee sauti tuhukumu.

Koromeo Huru: Mkuu, weka kidole kooni useme zzzzz, halafu sssss. Ya kwanza inatetemeka, ya pili imelala. Ndiyo hiyo tu, usilie.

Konda Mstaafu: Nimejaribu nikiwa ndani ya daladala. Mama wa pembeni kahama kiti.

Mwana wa Chuoni: Mnamwonea mzee wa watu. Neno lina asili ya Kiarabu, ghunna, na madrasa tulifundishwa kuwa ni sauti ya puani, ile unayoivuta kwenye nuni na mimu zenye shada, yaani n na m zilizokazwa. Wana isimu ndio walioiteremsha kutoka puani hadi kooni. Herufi za kutetemesha, Waarabu wenyewe huziita majhura. Huenda alimaanisha pua.

Mleta uzi: Kwa hiyo sina pua???? Mbele ya mama mkwe????

Pilipili_Kichaa: Pua unayo, tatizo ni matumizi.

Binti Fundi: Cheka tu, ghuna si mchezo. Shemeji yangu kwao f na v ni kitu kimoja. Siku ya kwanza ukweni alitaka kumwambia baba mkwe "nikufulie kanzu", ikatoka "nikuvulie kanzu". Mpaka leo wanasalimiana kwa kupitia watoto.

Konda Mstaafu: 😂😂😂 Mzee alikubali?

Mzee wa Vocha: Mleta uzi unalia na k moja, watangazaji wanasoma "zambi" na "selasini" kila siku na mshahara wanapokea. Hao hamuwafungulii uzi.

Tenori wa Kudumu: Bora wewe. Mimi nimehamishiwa sauti ya nne bila kuulizwa, na nimeimba sauti ya tatu tangu kipaimara. Kisa kuna mtoto wa katibu.

Besi la Mtaa: Sauti ya nne si jalala, punguza dharau.

Tenori wa Kudumu: Sina ugomvi na nyie. Ugomvi wangu ni sare mpya, kitambaa cha pazia na hela tumetoa.

Binti Fundi: Msinikumbushe sare! Nimeshona tatu mwaka huu na hakuna hata moja ya kuvaa mara mbili. Mleta uzi, hiyo harusi yenu sare rangi gani?

Mleta uzi: Damu ya mzee. Kwani unashona?

Binti Fundi: Njoo inbox.