Proxmox: seva moja ikizimika, ya pili nayo inajiwasha upya. Nipange vipi nodi na mtandao?

waya_na_poti:
Wakuu, nina seva mbili za Proxmox VE 8 (mfumo wa kuendesha mashine pepe), zimeungwa klasta moja. Kila moja ina RAM ya GB 64, diski za ZFS (mfumo wa faili) na poti nne za gigabiti 1. Poti moja tu ya kila seva imeingia kwenye swichi, HA imewashwa (seva moja ikifa, nyingine ichukue mashine zake). Nikichomoa umeme wa moja, iliyobaki haipokei mashine pepe za mwenzake, bali nayo inajiwasha upya baada ya kama dakika moja. Tena usiku bakapu ikianza, kuna siku zote mbili zinaanguka. Poti zilizobaki nizitumieje?

KuraTatu:
Mkuu, la kwanza ni hesabu tu. Nodi (seva) mbili ni kura 2, na akidi, yaani kura za chini zinazotakiwa, ni 2. Iliyobaki na kura 1 haijui kama mwenzake kafa au waya ndio umekatika, kwa hiyo softdog (kipima muda cha usalama) inaiwasha upya baada ya sekunde 60 ili zisije zikaandika data ileile mara mbili. Tafuta kura ya tatu, yaani QDevice. Kimashine chochote chenye Debian kinatosha, hata Raspberry Pi.

Kwenye kimashine: `apt install corosync-qnetd`
Kwenye seva zote mbili: `apt install corosync-qdevice`
Kwenye seva moja: `pvecm qdevice setup 192.168.1.5`

Fungua TCP 5403, na SSH ya root wakati wa kusetapu. `pvecm status` ionyeshe kura 3, akidi 2. Tafadhali usikiweke kama mashine pepe ndani ya klasta hiyohiyo!

swichi_mbili:
La usiku ni bakapu kujaza waya ambao Corosync (programu inayobeba mawasiliano na kura za klasta) nayo inautegemea. Corosync haihitaji kasi kubwa, inahitaji ucheleweshaji mdogo, chini ya milisekunde 5. Unganisha eno2 (poti ya pili) ya seva moja kwa eno2 ya nyingine kwa kebo ya moja kwa moja, 10.10.10.0/30, iwe ya Corosync peke yake. eno3 kwa eno3 iwe ya replikesheni (kunakili diski za mashine kwenda seva ya pili) na kuhamisha mashine, kwa mtandao wake.

Hariri nakala ya `/etc/pve/corosync.conf`, si faili lenyewe: ongeza `ring1_addr` kwa kila nodi, na sehemu ya `interface` yenye `linknumber: 1`, kisha pandisha `config_version` kwa 1 kabla ya kuirudisha. Wengi hukwama kwenye `knet_link_priority`: namba kubwa ndiyo inayotangulia. Mpe link 1 (kebo ya eno2) namba 20 na link 0 (LAN ya swichi) namba 10, la sivyo Corosync itabaki kwenye LAN. Hakikisha kwa `corosync-cfgtool -s`.

waya_na_poti:
Asanteni sana. Na swichi ikifa?

KuraTatu:
Swichi pekee, sawa: kebo ya eno2 inabeba kura 2. Ila seva moja ikifa swichi nayo ikiwa haina umeme, QDevice haifikiki na unarudi palepale. Swichi na kimashine viwe kwenye UPS.

Halafu jumlisha RAM ya mashine zako zote. Ikizidi kama GB 50, seva moja haitazibeba. Na replikesheni ya ZFS kwa kawaida ni kila dakika 15, kwa hiyo data ya baada ya mzunguko wa mwisho itapotea. Kwa hifadhidata, punguza hadi dakika 1.