Mjadala: Mawe hai ya matangi yang'olewe mwambani Malindi, au tuyatengeneze?

Hoja: Wenye matangi ya samaki wa maji ya chumvi wanataka mawe hai, yaani vipande vya matumbawe mafu vilivyojaa vitundu, bakteria, sponji na ule mwani wa chokaa wa rangi ya zambarau. Ndiyo kichujio cha tangi. Milango inafungwa: Florida ilisimamisha uvunaji wa mawe ya asili 1997, ikabakisha yale yanayopandwa. Fiji, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilifunga mwishoni mwa 2017. Huku kwetu wako wanaotaka wavuvi wapewe kibali cha kuvuna kiasi nje ya hifadhi, na wako wanaosema jiwe lisiguswe. Karibuni, ila njooni na vipimo.

NAHODHA
Naunga mkono kibali, na sioni haya. Tope la mto Sabaki linafukia mwamba kila mwaka na hakuna anayeulizwa. Joto la 1998 liliua matumbawe pwani nzima, si mvuvi aliyelileta. Lakini mvuvi akibeba tenga moja la mawe yaliyokwisha kufa, keshakuwa mhalifu. Lamu yote imejengwa kwa matumbawe na boriti, leo dunia inaisifu. Wekeni kiwango kwa mwezi, eneo lijulikane, BMU, kamati ya wavuvi ya ufukwe, ipime kwa mizani pale pale bandarini, na mawe ya maji mafu yasichanganywe na ya bamvua ili hesabu isipotee. Mbona uvuvi wa pweza tumeweza kuufunga na kuufungua?

BINT SHELA
Shikamoo Nahodha. Tunatofautiana kwenye hilo neno "yaliyokwisha kufa". Mtoto wa tumbawe akiwa bado anaelea hatui popote. Anatafuta ganda la mwani wa chokaa na bakteria waliomo juu yake, akilipata ndipo anashika na kuanza kujenga. Mnunuzi wa tangi anachagua jiwe kwa zambarau yake, kwa hiyo anachagua lile lile ambalo mwamba ungelitumia kujirudisha baada ya joto au tope. Ukivuna mawe ya kijivu yasiyo na kitu, hakuna atakayeyanunua. Kiwango chako cha kilo hakitaonyesha hilo, kwa sababu mizani haijui rangi.

Halafu muda. Tumbawe la mviringo lenye afya huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka. Jiwe nene la sentimita 20 ni kazi ya miaka kama 20, kabla halijafa na kutobolewa na sponji na minyoo hadi likawa jepesi anavyotaka mwenye tangi. Pweza anakua ndani ya mwaka mmoja, Nahodha. Havilingani.

Na sheria tusiizunguke. Ndani ya hifadhi ya Malindi, tangu 1968, hata kombe tupu huokoti. Kusafirisha nje ni jambo jingine tena: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na jiwe hai linahesabiwa humo. Kibali cha huku kinatoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na mnunuzi wa Umoja wa Ulaya lazima awe na kibali chake cha kuingiza kabla mzigo haujaingia huko. Visukuku vya matumbawe, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mwamba, vimeachwa nje ya orodha hiyo.

MCHIMBA TIMBO
Hapo kwenye visukuku ndipo penye riziki. Nahodha, kuta za Lamu kwa sehemu kubwa ni mawe ya nchi kavu. Ya baharini yalikatwa yakiwa bado laini, yakatumika kwa nakshi, kibla na miimo ya milango. Timbo zetu za Malindi na Kilifi zinachimba mwamba uliokuwa chini ya bahari zamani sana, na kila siku makombo ya matofali yanatupwa au yanasagwa kuwa kokoto. Vipande vya kilo 2 hadi 5 vyenye pembe na mashimo vimo. Lori moja la makombo linatosha matangi mengi kuliko mashua ya Nahodha kwa msimu mzima, na hakuna samaki aliyehamishwa.

FUNDI WA MATANGI
Pole pole, ndugu yangu. Si kila kombo la timbo linafaa, na wateja wamekwisha kuuziwa kokoto kubwa kwa jina la mwamba. Mwamba wa zamani umenyeshewa mvua kwa maelfu ya miaka, chokaa ikayeyuka na kuganda tena ndani ya vitundu. Nje unaona matundu, ndani ni jiwe tupu. Jaribio ni rahisi: kausha kipande, kipime, kilaze majini usiku kucha, kifute, kipime tena. Kipande cha kilo 3 kikiongeza gramu 300 kimebeba mililita 300 za vitundu, kama moja ya tano ya ujazo wake. Chukua. Kikiongeza gramu 60, kijengee ukuta.

Pili, udongo mwekundu. Umejificha ndani kabisa na hautoki kwa brashi. Pampu ya kuoshea magari kwanza, kila tundu. Kisha loweka kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, siku nzima. Suuza, anika juani siku 3 mpaka harufu iishe yote. Ndipo asidi ya kusafishia vigae, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, dakika 10 hadi 15. Asidi ndiyo inamiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Nje penye upepo, glavu na miwani. Jiki ikiwa bado imo na asidi ikaikuta, inatoka gesi ya klorini, na hiyo haina mchezo. Maliza kwa maji yenye bekingi soda mpaka povu likome, suuza tena.

Tatu, fosfeti, ile inayolisha mwani. Weka mawe kwenye pipa la maji ya chumvi yenye pampu kwa wiki moja, pima. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, mwaga maji, rudia. Anayeruka hatua hii ndiye atakayeniambia baada ya miezi miwili kwamba tangi limeota nywele za kijani na jiwe "lina laana".

Hata likiwa safi, jiwe la timbo halina uhai, na bakteria watakaolikalia wanataka amonia ya kula. Kwa tangi la lita 200, gramu 1.25 za amonia kloraidi zinaleta karibu miligramu 2 za amonia kwa lita. Tia bakteria wa chupa au jiwe hai dogo kutoka tangi la mwenzako, weka nyuzi 26 na uzito wa maji 1.025, taa zimezimwa. Siku amonia hiyo itakapoisha ndani ya saa 24 na nitriti ikasoma sifuri, tia samaki mmoja, si watano. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Kisha itakuja miezi ya utando wa kahawia na mwekundu, maana hakuna viumbe vya kushindania nafasi. Jiwe la baharini halikuletei hali hiyo kwa ukali huo, na hapo Nahodha ana haki yake.

NAHODHA
Ahsante, angalau mmoja kakubali.

FUNDI WA MATANGI
Usifurahi mapema, mzee. Jiwe la baharini nalo lina hesabu yake. Likifungwa kwa magazeti mabichi na kupelekwa Nairobi kwa basi, sponji iliyoguswa na hewa inakufa njiani. Linafika likinuka yai bovu, na amonia inapanda sana siku za mwanzo. Linahitaji wiki 3 hadi 6 ndani ya pipa lenye giza na pampu kali, nusu ya maji ikibadilishwa kila wiki. Na wageni: anemoni vidogo vya kioo vinavyozaana kila ukivikata, kaa wenye manyoya, na yule kamba mpiga nyundo anayepasua konokono usiku. Maji ya uzito 1.040 kwa dakika moja yanawatoa wengi, hayawatoi wote. Kwa hiyo muda wa kusubiri ni ule ule.

KIJANA WA NGOMENI
Mbona hamsemi saruji? Chumvi ya mawe tunayo, kutoka Ngomeni mpaka Marereni ni mabwawa ya chumvi. Maganda ya chaza mahoteli wanatupa. Kopo 1 la saruji, 2 za maganda yaliyovunjwa saizi ya punje ya mahindi, 2 za chumvi nene. Maji kidogo tu: ukifumba mkononi lishikane, lisichuruzike. Yakizidi, chumvi inayeyuka kabla saruji haijashika na vitundu vinafumba. Chimba umbo kwenye beseni la mchanga wa maji, jaza, penyeza kidole utoboe mapango. Siku 2 usiguse, siku 7 chini ya magunia mabichi, kisha maji yaitoe chumvi.

Shida ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Saruji mpya inapandisha pH mpaka samaki wanakufa, na kuloweka kunataka wiki 6 hadi 8, maji yabadilishwe kila wiki, mpaka jiwe likikaa siku moja kwenye maji mapya yasome chini ya 8.5. Na maji ya mfereji huku mnayajua, leo yapo kesho hayapo. Ndiyo maana ni bora kreti za mawe hayo ziende baharini moja kwa moja, mawimbi yafanye hiyo kazi bure.

BINT SHELA
Hili naliunga, kwa masharti. Kreti ziwe juu ya mchanga mtupu, si juu ya nyasi za bahari wala mwamba, kina cha mita 3 hadi 6 maji yakipwa. Ziinuliwe sentimita 30 kutoka chini, la sivyo zinafukiwa. Kaskazi inasukuma tope la Sabaki kusini kuja Malindi, kusi inalipeleka kaskazini. Kwa hiyo ghuba ya Malindi si mahali pake, tafuteni kusini zaidi. Bakteria ni suala la wiki. Zambarau ni karibu mwaka.

Na kila jiwe liwe na alama isiyofutika: ukanda wa plastiki wa rangi katikati ya saruji, kiasi kwamba askari akilivunja auone. Florida wanadai jiwe la kupandwa litofautike na la asili kwa aina ya mwamba au kwa alama, maana bila hivyo mtu ataweka kreti moja na kuuza mashua tano za mwambani kwa jina lake. Mawe ya timbo yaliyowekwa baharini bila alama nitayapinga, hata yawe halali.

MCHIMBA TIMBO
Jiwe la timbo linatobolewa kwa drili na kupitishwa kamba ya nailoni. Alama si tatizo.

NAHODHA
Sawa. Basi nijibuni hili, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashua. Mawe yangu yamo baharini mwaka mzima, sijauza hata moja. Mwenye nyavu za kukokota akipita juu yake, nani ananilipa? Sakafu ya bahari si shamba langu, sina hati. Nipeni karatasi ya hiyo sehemu, iwe na mipaka na jina la kikundi, kabla hamjanipa mapishi ya saruji. Bila karatasi, mawe ya mwambani yatazidi kuwa rahisi, na watakaoyachukua hawamo kwenye mjadala huu.

BINT SHELA
Hapo sina la kukupinga, Nahodha. Kikundi kianze na mawe machache ndani ya eneo la BMU kwa makubaliano ya maandishi, KWS na idara ya uvuvi wakiwa wameandikiwa kabla kreti ya kwanza haijazama. Nyavu za kukokota zimekwisha kupigwa marufuku. Anayepita nazo anashtakiwa kwa hilo, hata kama jiwe halina hati.

NAHODHA
Zimepigwa marufuku, na zinapita. Andikeni kwanza.