Mrejesho: Binti yangu, selimundu na tiba ya jeni

Wakuu, niliwauliza kama tiba ya jeni inaweza kumsaidia binti yangu wa miaka tisa mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tumemwona daktari bingwa wa damu. Tiba ipo kweli: Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Seli shina (seli mama zinazozalisha damu) za mgonjwa mwenyewe huhaririwa jeni zake ili damu itengeneze tena himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, ya aina ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haina kasoro ya selimundu; kisha anarudishiwa seli hizo baada ya kemo (dawa kali kama za saratani). Lakini iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na bei Marekani ni dola milioni 2.2. Niliumia, sifichi. Kumbe haidroksiyurea, dawa ya kumeza tu, nayo huongeza himoglobini hiyohiyo! Ameshaanza, na atakuwa anapimwa damu mara kwa mara. Mlionisisitiza nimwone bingwa, Mungu awabariki sana.