Mtwara hadi Cape Town peke yangu: nipite Msumbiji, Malawi au Tunduma?

Binti wa Chikongola

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miaka 28, nashona nguo hapa Mtwara mjini, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikidunduliza kwa ajili ya jambo moja: kwenda Cape Town kwa barabara, peke yangu, begi mgongoni, miezi mitatu hivi. Pasipoti ninayo (150,000, ya miaka 10). Kinachoniumiza kichwa ni njia na muda.

Njia naona tatu. Nivuke Ruvuma niingie Msumbiji. Au nipite Masasi, Tunduru, Songea hadi Mbeya, nivukie Kasumulu niingie Malawi. Au nipande basi la Dar, kisha Tunduma, na Lusaka moja kwa moja.

Muda nao: fedha nyingine natarajia kwenye korosho za mama, na minada ni Oktoba mpaka Desemba. Niondoke Januari fedha ikiwa mkononi au nisubiri Mei? La mwisho, nimeona begi la mtumba la lita 70, imara, bei nzuri. Shoga yangu anasema 40 zinatosha.

Utingo wa Masasi

Dada, hiyo ya kwanza ifute leo. Najua inauma, maana ukitazama ramani ndiyo fupi. Zamani watu walivuka Kilambo kwa kivuko, wakashika Palma, Mocímboa da Praia, Pemba. Na daraja la Mtambaswala lipo tangu 2010. Lakini Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, una vita tangu Oktoba 2017. Palma ilivamiwa Machi 2021, na kabla ya hapo, Oktoba 2020, wapiganaji hao walivuka mto wakaja kuua watu Kitaya, kwetu huku. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo, na kila mwezi tunasubiri simu yake kwa wasiwasi. Usiende huko peke yako.

Ya Tunduru naijua kwa miguu yangu. Ni lami mpaka Songea, na magari ya kuunganisha hadi Mbeya hayakosi. Lala Songea, usiunganishe usiku.

Mpiga Mzigo Tunduma

Mimi nasema Tunduma. Nimekwenda Lusaka mara nyingi kufuata biashara. Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, barabara moja, basi moja, umefika. Malawi utavuka mpaka, halafu utavuka tena kuingia Zambia, kila mahali unabadili fedha. Na sikiliza hili: Malawi wanatumia kwacha, Zambia wanatumia kwacha, ila ni fedha mbili tofauti kabisa na thamani zake haziko karibu hata kidogo. Pale mpakani vijana wenye mabunda ya noti wanaujua ugeni wako kabla hujafungua mdomo. Mimi nilipewa kwacha za Malawi nikiwa naingia Zambia, nikaja kugundua nimeshakaa kwenye basi. Ingia dukani wanakobadilisha fedha, hesabu pale pale dirishani.

Dola zako ziwe noti mpya. Za kabla ya 2009 wengi wanazikataa, hata zikiwa safi.

Binti wa Chikongola

Asanteni. Msumbiji nimeifuta. Lakini Malawi inanivuta kwa sababu moja ambayo sikuiandika: mama ni Myao wa Masasi, na Kiyao nakisema vizuri.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Basi binti yangu, hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuliandika! Wayao wako Masasi na Tunduru, wako Niassa ya Msumbiji, na wako Mangochi ya Malawi kusini mwa Ziwa Nyasa. Ukifika Mangochi ukamsalimia mama muuza samaki kwa Kiyao, hutakuwa mgeni tena, utakuwa mjukuu wa mtu. Msichana anayesafiri peke yake hapati ulinzi mkubwa kuliko huo. Mpiga Mzigo anasema kweli kuhusu Tunduma, lakini yeye anakwenda kuchukua mzigo arudi. Wewe unakwenda kuishi njiani miezi mitatu.

Pita hivi: Kasumulu, Karonga, Mzuzu, Lilongwe, ushuke Mangochi ukae wiki mbili. Rudi Lilongwe, vuka Mchinji uingie Chipata, halafu Lusaka na Livingstone. Kutoka hapo uingie Botswana kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021. Zamani ilikuwa pantoni na foleni ya malori. Kisha Johannesburg, na Cape Town mwisho, kilomita 1,400 mbele yake. Nchi zote hizo Mtanzania haombi viza kwa matembezi. Afrika Kusini wanakupa siku 90, ila hakikisha pasipoti ina kurasa tupu.

Kuhusu muda, Mei. Januari Malawi na Zambia ni mvua tupu. Na Mei pale Livingstone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) bado yana maji mengi, unalowa ukiwa umesimama mbali. Ukienda Oktoba, upande wa Zambia utakuta miamba mitupu sehemu kubwa. Gharama ya Mei ni kwamba Cape Town utaifikia Julai, na kule mvua yao ni ya majira ya baridi. Mimi ningekubali gharama hiyo.

Utingo wa Masasi

Mwalimu, shikamoo. Mei sawa, lakini fedha ya korosho Januari inakutana na ada za shule, na kila mwenye shida ukoo mzima anajua mama amelipwa. Mpaka Mei itabaki nini?

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Marahaba. Aiweke kwenye kikoba kinachovunjwa Aprili. Akiombwa, atajibu kwa haki kwamba fedha haipo nyumbani.

Nesi wa Lindi

Mdogo wangu, naomba unisome polepole. Chanjo ya homa ya manjano uchanje mapema, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukishachanjwa ni ya maisha, kwa hiyo kadi ile itunze pamoja na pasipoti.

Kubwa zaidi ni malaria. Beba chandarua, kipimo cha haraka na dawa mseto. Ukipata homa Johannesburg au Cape Town, daktari anaweza kudhani ni mafua, kwa sababu miji hiyo haina malaria. Mwambie mwenyewe, tena kabla hajauliza: natoka Mtwara, nimepita Malawi na Zambia, naomba nipimwe malaria. Vimelea ulivyoambukizwa njiani vinaweza kukulaza wiki kadhaa baadaye. Nimemuuguza mtu aliyecheleweshwa hivyo huko ugenini, na sitaki kusikia habari hiyo tena.

Baridi pia. Sisi wa pwani tunadhani tunaijua kwa sababu tumelala Newala Juni. Johannesburg usiku wa Julai unakaribia sifuri. Sweta mbili nyembamba zinazovaliwa pamoja zinafaa kuliko koti moja zito.

Mpiga Mzigo Tunduma

Kwa Kiyao hicho, nakubali, pita Malawi. Begi chukua 40. La lita 70 halipandi nawe ndani ya basi, linakwenda kwenye buti, na la kwenye buti hulioni mpaka ushuke. Na soketi za Afrika Kusini ni za matundu makubwa ya duara, plagi yetu haiingii. Nunua adapta hukohuko.

Binti wa Chikongola

Nimeandika yote kwenye daftari. Ni Malawi, ni Mei, na begi la lita 40. Jumamosi hii nalijaza kila nitakachobeba, nashukia Mikindani alfajiri, narudi mjini kwa miguu, kilomita kama 10. Kitakachonielemea bega kabla sijafika Chikongola nakitoa. Mwalimu, nikipita kwako nitabisha hodi.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Karibu. Chai itakuwa tayari saa kumi na mbili.