Mama anapimwa Alhamisi, kaambiwa tu "uje hujala". Dawa zake ameze au asimeze?

MjukuuWaKilosa
Habari za leo wana jamvi. Naomba msaada wa haraka kwa wenye ujuzi wa maabara, na kwa mnaouguza watu wa kisukari nyumbani.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Kilosa, ana kisukari na presha. Alhamisi anatakiwa Morogoro mjini kupimwa sukari, mafuta kwenye damu na figo, pamoja na mkojo na choo. Choo ni kwa ajili ya H. pylori, wale bakteria wa tumboni, maana tumbo linamsumbua. Maelekezo aliyopewa ni maneno mawili, "uje hujala". Jirani kamwambia hata maji asiguse. Dada yangu anasema asimeze dawa yoyote ili kipimo kisidanganye. Anatumia metformin na glibenclamide za sukari asubuhi na jioni, na amlodipine ya presha asubuhi.

Ninachoogopa ni kilichotokea safari iliyopita kwenye hospitali moja. Alimeza dawa za sukari alfajiri kama kawaida yake, akaenda bila kula, foleni ikamshikilia hadi saa tano. Akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anajibu vitu visivyoeleweka. Mama mmoja aliyekaa pembeni ndiye aliyempa soda. Ameze nini, aache nini, na maji je?

Mpima_Damu
Pole sana ndugu. Niko maabara, naanza na hilo la kutetemeka kwa sababu ndilo la hatari. Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Ukiimeza ukakaa na njaa, sukari inaporomoka. Tunachowaambia wagonjwa wengi ni hiki: dawa za sukari za asubuhi ziende kwenye mkoba pamoja na chakula, mtu akishatolewa damu anakula na kumeza hapohapo. Hata hivyo mpigieni simu anayemtibu athibitishe kabla ya Alhamisi. Na wanaochoma insulini wasijipangie wenyewe, kwa sababu zipo zinazofanya kazi mchana na usiku na haziachwi kiholela.

Amlodipine ni habari nyingine. Aimeze kwa muda wake, kwa maji. Haiharibu vipimo hivyo, na kumwacha mgonjwa wa presha bila dawa si jambo dogo.

Maji anywe. Maji matupu hayapandishi sukari wala mafuta. Mtu aliyekauka mishipa inajificha, tunamtoboa mkono huu na ule, na majibu ya figo nayo yanaweza kupanda kwa sababu ya ukavu tu. Kinachokatazwa ni chai hata ya rangi isiyo na sukari, kahawa, juisi, pipi na sigara.

Sukari inataka mtu asiwe amekula kwa muda usiopungua saa 8. Mafuta wanasema saa 9 hadi 12. Akila saa mbili usiku, akatolewa damu saa mbili asubuhi, vyote vimetimia. Asifunge zaidi ya hapo. Kukaa na njaa saa 16 hakukipi kipimo usahihi wowote wa ziada, kunamtesa mgonjwa tu.

Bin_Saidi_Tanga
Mkuu, mbona mimi mafuta walinipima nimeshakunywa chai na chapati na daktari akaridhika?

Mpima_Damu
Alikuwa sahihi. Tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wanakubali kipimo cha mafuta bila kufunga kwa watu wengi, kwa sababu kolestro haibadiliki sana baada ya mlo mmoja. Kinachopanda ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zikitoka juu mno ndipo unarudia ukiwa hujala. Ila mama huyu anapimwa sukari ya kufunga siku hiyohiyo, kwa hiyo afunge tu, damu itolewe mara moja.

NesiMstaafu
Mwanangu, mimi nakuongezea ya foleni, maana huko ndiko alikoumia. Akifika tu, kabla hajakaa kwenye benchi, aseme dirishani: "Nina kisukari, sijala tangu jana." Asione haya kusema. Muuguzi akishajua ni rahisi kumtanguliza.

Kwenye mkoba awe na glukosi ya unga au sukari, na chupa ya maji. Akianza kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, msisubiri damu itolewe. Aitwe muuguzi, apimwe sukari kidoleni, na ikiwa chini ya 4 mmol/L apewe sukari hapohapo. Kipimo kitafanyika siku nyingine. Na asiende peke yake.

Jana yake asile nyama nyingi wala asiende kulima, maana nyama nyingi iliyopikwa hupandisha kreatinini, kile kinachopimwa kujua hali ya figo, na kazi nzito nayo huvuruga baadhi ya majibu. Kama kuna dawa za miti shamba anakunywa, mlonge au chochote, ziandikeni kwenye karatasi pamoja na za hospitali. Wazee wetu wanazificha wakidhani watagombezwa, halafu daktari anasoma majibu akiwa hajui nusu ya habari.

MjukuuWaKilosa
Mungu awabariki. Mlonge kweli anauweka kwenye uji kila siku na sikuwahi kufikiria kumwambia daktari. Mkojo na choo je, atoke navyo nyumbani?

Mpima_Damu
Mkojo hapana, atoe hapohapo hospitali. Ukikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto bila friji, bakteria wanazaliana humo na majibu yanapotoka. Achukue kikopo cha maabara. Kopo la siagi au chupa ya dawa iliyooshwa haifai, mabaki ya sabuni na sukari yanaonekana kwenye kipimo. Ajisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati. Kikopo kisiguse mwili, na kifuniko kisilazwe chini.

Choo kisichanganyike na mkojo, maji wala udongo. Kama ni choo cha shimo, akinge kwenye beseni safi kavu au gazeti, achukue kwa kijiti kiasi cha punje ya karanga. Kisipotoka siku hiyo asijilazimishe, atarudisha kikopo baadaye.

Sasa swali muhimu: anameza omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, au ndugu zake? Au alitumia antibayotiki mwezi huu?

MjukuuWaKilosa
Nimempigia sasa hivi. Antibayotiki hapana. Omeprazole ndiyo, kila asubuhi, alinunua duka la dawa. Na anameza aspirini ndogo aliyoandikiwa kliniki.

Mpima_Damu
Basi choo cha Alhamisi kinaweza kusema hana H. pylori kumbe anayo. Omeprazole inawapunguza wale bakteria hadi kipimo kisiwaone. Inatakiwa iachwe wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4. Lakini msimwachishe ninyi! Mtu anayemeza aspirini huenda omeprazole ndiyo inayomlinda tumbo lisitoke damu. Mwambieni daktari aamue: aisimamishe kwa muda, ampe kitu kingine katikati, au ampime kwa njia nyingine. Damu na mkojo viende kama vilivyopangwa.

MjukuuWaKilosa
Nimeelewa. Kesho asubuhi naongea na daktari kuhusu choo na dawa za sukari. Jumatano mchana mama anapanda basi, analala kwa shangazi Kihonda, hapo Morogoro mjini, ili Alhamisi wawe wa mwanzo mlangoni. Shangazi ndiye atamsindikiza.

NesiMstaafu
Vizuri. Mwambie shangazi asimpikie karamu ya mgeni. Ale chakula chake cha kawaida, dawa za jioni azimeze na chakula hicho kama siku zote, na mkoba wa asubuhi uandaliwe usiku huohuo.