Ini lina makovu na natamani mtoto: niache dawa kwanza?

Bahari_Tulivu:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, na nina ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inalishambulia ini. Ulipogunduliwa, ini lilikuwa limeshaanza kukakamaa kwa makovu. Natumia azathioprini na prednisoloni kidogo, dawa za kutuliza kinga hiyo, vipimo vimetulia, na hedhi iliyopotea muda mrefu imerudi. Mimi na mume wangu tunataka mtoto. Wifi yangu, na najua ananipenda, ananisihi niache dawa kwanza zitoke mwilini ndipo nishike mimba. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa nayo inanitisha. Miadi ya daktari wa ini bado iko mbali. Aliyepitia haya anisaidie: hatari hasa iko wapi, kwenye dawa au kwenye ini lenyewe?

MamaSubira:
Mdogo wangu, tafadhali usiache dawa. Nina ugonjwa huohuo, makovu hayohayo, na nimezaa nikiwa nao. Hatari kubwa iko kwenye ini.

Azathioprini imetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, wakiwemo waliopandikizwa figo, na kwa kawaida madaktari huiendeleza. Inayokatazwa ni mikofenolati, dawa nyingine ya kutuliza kinga: hiyo huharibu mimba na huweza kumlemaza mtoto, kwa hiyo mtu hubadilishiwa angalau wiki 6 kabla ya kutafuta mimba. Hubadilishiwa, haachwi mikono mitupu. Ugonjwa ukiamka kwa sababu umekatisha dawa, hapo ndipo mimba hutoka au mtoto huzaliwa njiti.

Sasa ini. Damu inayotoka kwenye utumbo inapaswa kupita kwenye ini, na makovu yanaibana. Ikikosa nafasi inapita pembeni, kwenye mishipa myembamba ya umio, nayo inavimba. Halafu mimba yenyewe huongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50. Mshipa uliovimba unaweza kupasuka, hasa kuanzia miezi mitatu ya katikati, na tena wakati wa kusukuma. Kutapika damu namna hiyo kunaua, ndiyo maana nalisema waziwazi.

Kwa hiyo kabla ya mimba omba kipimo cha kamera ya umio na tumbo. Mimi walikuta mishipa imevimba, wakaifunga kwa vipira, wakanianzishia propranololi, dawa ya kushusha presha kwenye mishipa hiyo. Walirudia nikiwa na mimba ya miezi ya katikati. Nililazwa ubavu wa kushoto ili tumbo lisikandamize mishipa mikubwa ya damu, nesi kanishika bega, mpira uko kooni, na mtoto akawa anapiga teke muda wote ule. Alipozaliwa walimpima sukari na mapigo ya moyo mara kwa mara, kwa sababu propranololi inaweza kuvishusha.

Muulize pia daktari alama yako ya MELD, inayoonyesha ini limedhoofika kiasi gani. Inapatikana kwenye vipimo vya damu unavyopimwa kila mara: bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), kriatinini (ya figo) na kipimo cha damu kuganda. Ya chini kabisa ni 6. Ikifika 10 na kuendelea kabla ya mimba, hatari kwa mama inapanda, na hapo ni mazungumzo mengine na mumeo akiwepo.

Na jambo ambalo watu hulisahau: ugonjwa wetu hupenda kuamka miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, wakati macho yote yako kwa mtoto. Usikubali vipimo vyako visimame.

Mkunga_Mzoefu:
Nakubaliana na MamaSubira. Naongeza machache, dada.

Mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Wenye ugonjwa wa ini huingiwa na hofu, au kibaya zaidi huzoea. Choo chenye damu kutoka juu hunata kama lami, hung'aa, na harufu yake ni kali kuliko ulivyozoea. Ukiona hicho, au kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, hushuka kidogo na fosfatasi alikali, kimojawapo cha vimeng'enya vya ini, hupanda kwa kila mjamzito, hii ya pili inatoka pia kwenye kondo la nyuma. Lakini vimeng'enya vingine vya ini na bilirubini havipaswi kupanda. Vikipanda, mimba isisingiziwe, kitafutwe chanzo.

Ini bovu pekee si sababu ya kupasuliwa. Wengi huzaa kawaida, na muda wa kusukuma hufupishwa kwa kusaidiwa. Wengu ukiwa mkubwa kwa sababu ya ini, chembe sahani zinazogandisha damu hupungua, na zikipungua sana sindano ya mgongo ya ganzi haichomwi. Mtaalamu wa usingizi akuone mapema, asikukute kwenye uchungu.

Nuru_ya_Asubuhi:
Kwa wenye homa ya ini B watakaopita hapa: pimeni wingi wa virusi. Vikiwa IU (vipimo vya kimataifa) 200,000 au zaidi kwa mililita, mama huanzishiwa tenofoviri, dawa ya kupunguza virusi, mara nyingi wiki ya 28, na mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Mimi nilinyonyesha.

Bahari_Tulivu:
Mmenitua mzigo, Mungu awabariki. Wifi nitamwonyesha haya maandishi. Ila dada MamaSubira, je, mimba ikiingia kabla ya miadi?

MamaSubira:
Endelea na dawa, na usingoje tarehe ya miadi. Nenda kliniki siku unayojua, waambie mjamzito mwenye makovu ya ini, na uwaombe daktari wa ini na wa uzazi wazungumze wao kwa wao. Ila mpaka hapo, tumia kinga. Kamera kwanza, mdogo wangu.